Dawa Isiyong'oa Maradhi

Liko swali ambalo mwenye imani aliyepatwa na maradhi yasiyokwisha hujiuliza kwa siri: ikiwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila na dawa yake, kama tulivyosomeshwa chuoni tangu utotoni, nini basi hukumu ya dawa itulizayo maradhi bila kuyang'oa? Je, kuimeza ni kuishukuru neema, au ni upungufu wa tawakali kwa mja ambaye ilimpasa kuridhika na kadari?

Swali hili huwa zito zaidi kwa mtu aishiye na virusi vya ukimwi ambaye hurudiwa na malengelenge ya sehemu za siri. Virusi vya malengelenge hayo, ambavyo watabibu huviita hepesi, vikisha kuingia mwilini hujificha katika neva zilizo karibu na mwisho wa uti wa mgongo, na humo hukaa umri wote. Na kinga ya mwili inapodhoofu hutoka tena, vidonda vikawa vikubwa na vizito kupona. Hakuna dawa ijulikanayo leo iwezayo kuvifukuza katika maficho hayo. Zilizopo huvizuia kuzaana tu.

Zilizo mashuhuri ni tatu. Asiklovia ndiyo kongwe na aghalabu ndiyo rahisi kwa bei, walakini kiasi cha sehemu moja tu katika tano ya kidonge ndiyo ifikayo damuni. Valasiklovia hugeuka mwilini ikawa asiklovia ileile, ila nusu yake na ushei hufika. Na famsiklovia ni jamaa yao wa karibu. Mwenye virusi vya ukimwi akirudiwa na vidonda, asiklovia humezwa miligramu 400 mara tatu kwa siku, muda wa siku 5, na hizo mbili nyingine miligramu 500 mara mbili. Kwa nguvu ya kutuliza vidonda hazipitani sana. Zinapopitana ni katika bei na katika idadi ya vidonge.

Idadi hiyo si jambo dogo kwa mvuvi wa Mkokotoni, ambaye adhuhuri humkuta majini upande wa Tumbatu, na ambaye kumeza kidonge mbele ya wenzake chomboni ni kujifunulia sitara yake mwenyewe. Ramadhani ikiingia, dawa ya mara mbili huweza kumezwa wakati wa futari na wakati wa daku, ilhali ile ya mara tatu humtia katika dhiki. Tena dawa hizi zataka maji ya kutosha ili figo zisidhurike, kwa hiyo yampasa amshauri tabibu kabla ya kufunga, akijua kwamba sheria yenyewe imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Palikuwa na tumaini kubwa kuliko kutuliza vidonda tu. Kwa kuwa vidonda huvifungulia mlango virusi vya ukimwi, wataalamu walidhani kwamba kuyazuia malengelenge kungezuia na ukimwi. Kaskazini-magharibi ya Tanzania wanawake 821 waliokuwa na hepesi bila ya ukimwi waligawanywa, wengine wakapewa asiklovia na wengine vidonge visivyo na dawa; matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha walioambukizwa 27 upande mmoja na 28 upande wa pili. Mwaka 2010 ukatangazwa uchunguzi wa jozi 3,408 za wapenzi katika nchi saba za Afrika, ambamo mmoja wa kila jozi alikuwa na maradhi yote mawili: vidonda vya hepesi vilipungua kwa asilimia 73, lakini maambukizo ya ukimwi kwa mwenzake hayakupungua. Kumkinga mwenza ni kazi ya dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zitumiwapo bila kukosa. Insafu yatutaka tuihukumu kila dawa kwa kazi iliyopewa, wala tusiidharau asiklovia kwa ajili ya kazi isiyokuwa yake.

Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliwarudisha watu wake. Na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kuingia katika kadari ya Mungu. Kwa hukumu hiyo, kidonge kipunguzacho maumivu ni kadari kama yalivyo maumivu, na anayekikataa kwa jina la tawakali amechagua sehemu moja ya majaliwa yake akaiacha sehemu ya pili.

Ama wanaosema kwamba vidonda hivi ni adhabu, wao wamejitwalia elimu ya ghaibu ambayo hawakupewa, kwani maradhi haya humfikia hata mke aliyetulia nyumbani kwake. Basi ewe uliyepatwa, nenda ukatibiwe mapema, umweleze tabibu yote bila ya haya. Nanyi jamaa zake mstirini, kwa kuwa kutafuta nafuu ni katika ibada, na kumfedhehi mgonjwa ni dhambi.