BINTI AMEZALIWA NYUMBANI MWETU



Wengi wenu mmekuja kutupongeza, maana Mungu ametupa mtoto wa kike. Akina mama wa Umoja walileta unga wa uji na kuni, na wazee walileta maneno. Neno lililorudiwa kuliko yote ni hili: "Hongera, mmepata ng'ombe." Tulicheka pamoja nao, kama ilivyo desturi yetu huku Ugogo. Lakini usiku, mama na mtoto walipokwisha kulala, kicheko kilitutoka, na hofu ikaketi mahali pake.

Twapenda kuwaambia hofu hiyo, maana hatudhani kuwa ni yetu peke yetu.

Mwaka 1994 tulimaliza darasa la saba tukachaguliwa kwenda sekondari. Baba hakuwa na ada. Dada yetu alikuwa na miaka 15. Kabla ya mvua kuanza, ng'ombe 12 waliingia zizini kwetu, naye dada akatoka. Wanne waliuzwa mnadani, na kwa fedha ile tukapata ada, sare, sanduku na godoro. Hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, ilimruhusu binti wa umri ule kuolewa kwa ridhaa ya baba yake. Baba aliridhia, nasi tukaenda shule. Kila tuwasomeapo Neno, twasoma kwa elimu iliyonunuliwa kwa ng'ombe wa dada yetu.

Juma lililopita dada huyo alikuja kumwona mtoto. Akampakata, akamtazama sana usoni, kisha akatuuliza kwa upole, "Mdogo wangu, na huyu naye atamsomesha nani?" Hakusema kwa hasira. Nasi hatukuwa na jibu.

Basi tukafungua Biblia, na humo tukawakuta baba wawili.

Wa kwanza ni Yeftha, katika Waamuzi sura ya 11. Huyu alikuwa shujaa, naye alimpenda binti yake wa pekee. Lakini alipotaka kushinda vita aliweka nadhiri kwa haraka, wala hakufikiri ni nani atakayetoka mlangoni kumlaki. Akatoka binti, kwa matari na kucheza. Tazameni alivyosema baba yule: alirarua mavazi yake, kisha akamlaumu mtoto kwa kumletea taabu! Baba alifungua kinywa, binti akalipa. Ndugu zangu akina baba, ni mara ngapi tumefanya hivi? Twaahidi kwenye pombe, twaahidi kwa rafiki, twaahidi kwa sababu ya deni. Na siku ya kulipa ikifika, anayetoka mlangoni ni binti. Yeftha hakumchukia mwanawe. Hilo ndilo linalotutisha. Mtu aweza kumpenda binti yake kwa moyo, na bado akamtumia kulipia haja zake.

Wa pili ni Yairo, katika Marko sura ya 5. Yeye alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima. Binti yake alikuwa na miaka 12, umri ambao wengi wetu huanza kuhesabu ng'ombe. Yairo hakuhesabu kitu. Alianguka miguuni pa Yesu mbele ya watu wote, akasihi. Njiani wakamwambia kwamba mtoto amekufa, asimsumbue tena Mwalimu. Hata hivyo akaendelea kutembea na Yesu mpaka nyumbani. Na Bwana alipomwinua yule binti kwa mkono, aliagiza apewe chakula. Mwokozi hakuona kwamba kumfufua kwatosha, alitaka ale. Kumbe kumtunza binti ni kazi ya imani, na pia ni kazi ya sufuria.

Sasa tufanye nini ili tuwe wana wa Yairo, wala si wa Yeftha?

Kwanza, tusijifiche nyuma ya udhuru wa zamani. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Mwaka huo huo sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu aoaye mwanafunzi. Mahakama Kuu ilikwisha kusema kwamba vile vifungu vya 13 na 17 ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Na kama binti amejikwaa akapata mimba, tangu Novemba 2021 mlango wa shule umefunguliwa arudi baada ya kujifungua. Baba asiwe wa kuufunga.

Pili, tuwape urithi. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai shamba la baba yao, na Mungu akasema wana haki (Hesabu 27). Mkoani Kagera mzee mmoja alimwachia binti yake shamba kwa wosia. Binti yule alipozeeka, hana wa kumtunza, akaliuza. Ndugu wakapinga kwa kuwa yu mwanamke. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua kwamba anayo haki sawa na mwanamume. Basi, baba, andika wosia ungali na nguvu.

Tatu, tulipe madeni. Zakayo hakuishia kwenye toba ya mdomo. Dada yetu ana binti wa mwisho, yuko kidato cha pili. Sare yake, madaftari yake na chakula chake cha shule tumevichukua sisi. Ng'ombe 12 haturudishi hivyo, twajua. Lakini tumeanza.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, mtoto wetu atabatizwa. Mchungaji atauliza jina lake, wala hatauliza bei yake. Atapakwa maji yale yale wanayopakwa wana wa kiume, na msalaba ule ule. Dada yetu atakuwa msimamizi wake, naye atampakata kisimani. Hapo ndipo tutakapomjibu lile swali: huyu hatamsomesha mtu. Huyu atasoma.

Tuombe. Ee Baba wa mbinguni, utusamehe tuliokula jasho la dada zetu. Wainue binti zetu kwa mkono wako, utufundishe sisi kuwapa chakula, na utuzuie vinywa tusiwaweke rehani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.