Kiraka, Mkasi na Amana ya Marehemu

Katika lugha yetu neno kiraka halina heshima kubwa. Nguo yenye viraka ni nguo ya mnyonge, na mtu aitwaye kuziba pengo kwa muda hulalamika kwamba amefanywa kiraka. Hata hivyo ipo sanaa inayokipa kiraka hadhi, nayo ni sanaa ya kushona mfarishi kutokana na masazo ya vitambaa na kumbukumbu za jamaa. Kipande cha kitenge cha bibi, ukosi wa shati la baba, lesi ya nguo ya ubatizo na vifungo vya koti kuukuu hupangwa juu ya bitana, vikapigwa bandi, kisha vikashonwa. Vitambaa vizito na vyepesi hukaa pamoja, na anayeupapasa mfarishi huo huhisi vilima na mabonde chini ya vidole. Ni kazi ya kupendeza. Lakini kabla ya sindano huja mkasi, na hapo ndipo swali letu linapozaliwa: je, ni haki kuikata nguo aliyoiacha marehemu?

Mahali pengine swali hili lingeonekana la anasa. Katika kilima cha Rebero, kusini mwa jiji la Kigali, uzito wake hauhitaji maelezo mengi. Hapo wamezikwa maelfu ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, pamoja na wanasiasa waliouawa kwa kuupinga mpango wa mauaji hayo. Juma la maombolezo, ambalo huanza tarehe 7 Aprili, hufungwa hapo tarehe 13. Jamaa nyingi hazikubakiwa na picha, wala barua, wala kaburi linalojulikana. Ikiwa kimesalia kitambaa kimoja, anayekitia mkasi anagusa kitu kisicho na badala.

Wako wasemao kwamba kisikatwe kamwe, na hoja yao ina nguvu. Ukivuka mto Nyabarongo kuelekea kusini utafika Nyamata, katika kanisa ambamo maelfu walikimbilia wakauawa. Kwa miaka mingi nguo zao zimewekwa juu ya mabenchi, zikiwa na vumbi na madoa yake. Mwaka 2023 UNESCO iliorodhesha mahali hapo, pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero, katika urithi wa dunia. Nguo za Nyamata ni ushahidi, na ushahidi haupambwi. Atakayezikata ili atengeneze kitu kizuri atakuwa amemsaidia yule anayekana kwamba watu waliuawa. Kwa nguo za namna hiyo hatuoni nafasi ya mjadala.

Lakini nguo iliyobaki nyumbani ni jambo jingine. Wanyarwanda huziita nguo za mitumba caguwa, neno lililotokana na kitenzi chetu chagua, maana mnunuzi huinama juu ya rundo akachagua. Shati lililovaliwa kwanza na mtu tusiyemjua huko Ulaya hufika sokoni, likanunuliwa, likavaliwa Jumapili kwa miaka kumi, na leo mtoto husema, “Hili ni shati la baba.” Ni nini kilicholifanya liwe la baba? Uzi ni ule ule na mshono ni ule ule. Matumizi ya kila siku, mbele ya macho ya wampendao, ndiyo yaliyolipa jina. Maadamu matumizi ndiyo yaliyolipa thamani, kulifungia sandukuni mpaka nondo walimalize ni kulirudisha taratibu katika hali ya kitu kisicho na mwenyewe.

Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, mjane aitwaye Missouri Pettway alizikata nguo za kazi za marehemu mumewe, akashona mfarishi wa kujifunika. Katika mifarishi ya kijiji hicho alama za mifuko iliyobanduliwa na magoti yaliyopauka hazikufichwa. Hapana budi tukiri hasara: shati zima huhifadhi umbo la mabega, na kipande hakiwezi. Lakini mjane huyo alipata kitu cha kumtia joto usiku, jambo ambalo sanduku halikuweza kumpa.

Hata hivyo, upendo peke yake hautoi ruhusa. Kwanza yatupasa kuuliza nguo ilitoka wapi. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilisikiliza pia kesi za mali iliyoporwa. Si kila kitu kilichomo sandukuni ni urithi. Pili, tuseme kitenge cha mama kina warithi watatu, mmoja yuko Rebero, wa pili Kampala, wa tatu Brussels. Kikikatwa, mifarishi mitatu yaweza kuwa na mama ndani yake. Lakini mmoja akikataa, sisi twaona kwamba neno lake lishinde, hata kama wawili wamekubali. Anayengoja leo aweza kukata kesho, bali aliyekwisha kukata hana njia ya kurudi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Na mbachao, walimu wenzetu mwajua, ni mkeka chakavu tu.

Tatu, mfarishi ni bubu. Wanawake wa Siddi wa Karnataka, India, wazawa wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hushona kwa nguo kuukuu mfarishi uitwao kawandi. Huanzia kingoni wakazunguka mpaka katikati, wala hawauhesabu kuwa umekamilika kabla ya kutia pembeni vipande vidogo viitwavyo phula, yaani maua. Nasi twapendekeza ukamilisho wetu: kabla ya mkasi kugusa kitambaa, mzee anayekijua asimulie nacho mkononi, kisha jina la mwenye nguo, mwaka na maneno machache yaandikwe kwa wino usiofutika juu ya bitana. Bila hayo, mjukuu atarithi rangi tu.

Hapo kazi inatufikia sisi walimu wa lugha. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, wanafunzi wetu wanahitaji mambo yenye uzito ya kuyaandika, na maelezo ya vazi moja la nyumbani ni insha ya kutosha. Lakini asilazimishwe yeyote. Darasa moja laweza kuwa na mtoto wa aliyepoteza wote na mtoto wa aliyehukumiwa, na yupo asiye na hata kipande cha kuelezea. Huyo apewe mada nyingine bila kuulizwa sababu.