Kipimo cha Msaada



Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa umeenea, mambo mawili yalionekana Marekani kwa wakati mmoja. Katika jimbo la Wisconsin wafugaji walimwaga maziwa mabichi, kwa kuwa shule na mikahawa iliyoyatumia ilikuwa imefungwa. Na mjini San Antonio, katika jimbo la Texas, maelfu ya magari yalijipanga safu ndefu, yakiwa na watu waliokuja kupokea chakula cha bure. Huku chakula chamwagwa, huku watu waona njaa.

Serikali haikukaa kimya. Tarehe 17 Aprili ilitangaza msaada wa dola bilioni 19: bilioni 16 walipwe wakulima na wafugaji, na bilioni 3 zinunue vyakula vya kuwagawia wahitaji. Tendo hilo lastahili sifa, maana serikali ipo kwa ajili ya manufaa ya wote. Hata Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba mkulima asiachwe nyuma ya watu wa kazi nyingine, bali alindwe kwa bima na kwa bei ya haki.

Lakini natutazame kipimo kilichotumika. Malipo yalihesabiwa kwa wingi: uzito wa mazao, uzito wa maziwa, idadi ya mifugo. Mtu mmoja aliweza kupata hadi dola 250,000, na kampuni yenye wanahisa watatu wanaofanya kazi shambani hadi dola 750,000. Je, hesabu hiyo ilikuwa ya uongo? La. Aliyepoteza zaidi alilipwa zaidi. Walakini hasara na shida si kitu kimoja. Tajiri akipoteza nusu ya mali yake, bado ana ghala. Maskini akipoteza nusu, auza jembe.

Tena yalikuwapo mashamba madogo ya kandokando ya miji, yenye kulima mboga za namna nyingi, kila moja kidogo, na kuwauzia majirani. Malipo yao yalifuata bei ya jumla ya nchi nzima, si bei waliyoizoea sokoni kwao. Na kila zao lilidai hesabu yake. Naye kibarua avunaye shamba la mwingine hakuwamo katika malipo hayo. Mwezi Machi 2021 serikali ilitangaza mpango mwingine, wa dola bilioni 6 au zaidi, ili kuwafikia wakulima wengi zaidi, na wadogo miongoni mwao. Kurudi kutazama nani amesahauliwa si aibu, ni haki.

Bwana wetu aliketi siku moja hekaluni, akiwatazama watu wakitia sadaka. Matajiri walitia nyingi. Mjane akatia sarafu mbili ndogo, naye Yesu akamsifu kuliko wote. Kwa nini? Kwa sababu hakupima kilichotolewa, bali alipima kilichobaki. Wale walibakiwa na vingi. Mjane hakubakiwa na kitu. Basi agawaye msaada na ashike kipimo hicho hicho. Asiulize tu, “Umepoteza kiasi gani?” Aulize pia, “Umebakiwa na nini?”

Sisi hatugawi mabilioni. Lakini katika parokia, katika jumuiya na katika chama cha ushirika, mara kwa mara twagawa mahindi baada ya mafuriko, au mbegu baada ya ukame. Tujihoji mbele ya Mungu: mara ngapi tumemwandika kwanza mwenye jina kubwa, ajuaye kusema barazani, na mjane wa ukingoni mwa kijiji tukamwambia kwamba orodha imejaa? Ninyi wazazi, wafundisheni watoto wenu jambo hili mezani, katika kugawa ugali: mgonjwa na mdogo watazamwe kwanza.

Nawe uliyekabidhiwa kalamu na daftari la wenye shida, kabla hujaifunga orodha yako, mtume mtu hadi nyumba ile ya mwisho.