Wakili Si Mwenye Mali

Zamani mali ya nyumba kubwa ilikaa katika sanduku la chuma, na mwenye ufunguo alijulikana na wote. Siku hizi mali nyingine haionekani kwa macho. Habari za wagonjwa, mishahara ya waalimu, hesabu za pesa, vyote vimetiwa katika kompyuta. Karani huingia kwa jina lake na neno lake la siri, akaona kazi yake tu. Lakini kuna jina moja kubwa, lile la fundi msimamizi, linalofungua milango yote. Mwenye jina hilo aweza kubadili hesabu, kufuta maandiko, hata kufuta nyayo zake mwenyewe. Je, nani apewe jina hilo, na kwa namna gani?

Wengi hujibu upesi: Apewe mtu mwaminifu, basi. Jibu hilo ni zuri, lakini ni nusu tu.

Tazameni mambo ya San Francisco, mji wa Marekani, mwaka 2008. Fundi mmoja wa serikali ya mji alikuwa peke yake mwenye maneno ya siri ya mtandao ulioziunganisha ofisi. Akagombana na wakubwa wake, akakataa kuwapa maneno yale. Akatiwa gerezani, na huko pia alinyamaza siku kadhaa, mpaka alipomwambia meya mwenyewe. Mashini hazikusimama, lakini mji ulikuwa kama mtu akaaye katika nyumba yake bila ufunguo wa mlango. Mwaka 2010 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 4.

Yeye alijitetea kwamba wakubwa wale hawakustahili kupewa. Labda aliipenda kazi yake kweli. Na hapo ndipo penye hatari: mtu hulinda kitu cha wote mpaka kikawa chake. Wakubwa nao hawakosi lawama, kwa kuwa hawakuweka ufunguo wa pili mapema.

Kanisa lilijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1199 Papa Inosenti III aliagiza sanduku la sadaka kwa ajili ya Nchi Takatifu liwekwe katika kila kanisa, lenye funguo 3: mmoja wa askofu, mmoja wa padri, mmoja wa mlei mcha Mungu. Je, Papa aliwahesabu maaskofu wake kuwa wezi? Hapana. Alijua udhaifu wa binadamu. Na mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni za namna hiyo kwa kompyuta: kila mtu apate uwezo unaotosha kazi yake, usizidi; tena penye jambo kubwa, funguo 2 ni bora kuliko mmoja. Wazee wetu wanasema: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini fundi mwema atanung'unika: «Mimi ni mwaminifu. Kunigawia funguo ni kunitukana.» Sivyo, ndugu. Siku pesa zitakapopotea, wewe uliye peke yako utajitetea kwa nani? Mwenzako mwenye ufunguo wa pili, na daftari inayoandika nani aliingia na saa gani, hao ndio mashahidi wako. Mwizi huchukia shahidi, mwaminifu humhitaji.

Basi kila mmoja ana wajibu wake. Mkubwa asidai jina kubwa kwa ajili ya heshima, maana cheo si ufunguo. Fundi afanye kazi za kila siku kwa jina dogo, akichukua lile kubwa kwa haja yake tu. Asimwazime mwenzake neno la siri: jina likitumiwa na wote, hakuna wa kuulizwa. Anayeacha kazi, jina lake lifungwe siku ileile. Na maneno makubwa yawekwe katika bahasha yenye muhuri, ndani ya sanduku la chuma, ili kifo cha mtu mmoja kisiifunge hospitali nzima.

Katika Injili Bwana wetu asema habari za wakili aliyeitwa kutoa hesabu ya uwakili wake. Sisi sote tutaitwa vivyo hivyo, kwani hakuna kati yetu aliye mwenye mali. Heri wakili aliyezoea kutoa hesabu kabla ya siku ile.