GPA ya 2.8 na Amri ya Nane



Leo tuongee jambo ambalo wengi tuliomaliza chuo tunalibeba kimya kimya: GPA. Mimi nilisomea masuala ya fedha, nikatoka na 2.8. Kwa vyuo vikuu vyetu hilo ni daraja la pili la chini, linaloanzia 2.7 hadi 3.4. Sitamsingizia mtu. Mwaka wa pili nilichezea muda, nikala sapu mbili, na nilipozinduka mwaka wa tatu ulikuwa unaisha.

Nikarudi nyumbani Kilosa. Karibu kila tangazo la kazi nililolitamani lilitaka 3.5. Rafiki yangu mwenye steshenari akaniambia, "Kaka, hiyo mbili naigeuza tatu, dakika tano tu. Nani atajua?" Namba moja tu! Nakiri, nililala na wazo hilo siku tatu. Bibi yangu aliuza magunia ya mpunga nipate ada. Nikawa najiuliza: kumwondolea bibi aibu, si upendo huo?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba uongo haukubaliki hata kwa nia njema, ila mtu anaweza kuufunika ukweli kwa busara. Tofauti hiyo ilinisaidia sana. Jirani akiniuliza GPA yangu kwa umbea, naweza kucheka tu nikapita zangu. Kutoiandika kwenye CV, kama haijaombwa, si dhambi. Lakini kugeuza 2 kuwa 3 si kunyamaza. Ni kusema uongo kwa maandishi. Na yupo kijana aliyekesha akaipata 3.8 ya kweli. Ningekalia kiti chake.

Tena fikiria, kazi yenyewe ni ya fedha. Mama ntilie anakukabidhi rejesho lake, wewe unaandika namba, naye anaiamini. Kama namba yangu mwenyewe nimeighushi, ya kwake nitaiheshimu vipi?

Nikamwambia rafiki yangu, "Acha tu, mzee." Kwa mara ya kwanza nilisema ukweli kwenye usaili, nikaambiwa asante, kwaheri. Iliuma. Mara ya pili ilikuwa Mikumi, kwenye taasisi ndogo ya mikopo. Mama aliyenisaili aliuliza, "GPA yako ngapi, mwanangu?" Hapo kunyamaza kulikuwa kumeisha, maana yeye alikuwa na haki ya kujua. Nikasema, "Shikamoo tena mama, ni 2.8. Uzembe wangu." Akacheka. Akanipa karatasi ya marejesho ya kikundi kimoja, nitafute kosa. Nikalipata. Nikapewa miezi mitatu ya majaribio.

Sikuandikii haya ili uamini kwamba ukisema ukweli lazima upate kazi. Mara ya kwanza sikupata, na Mungu alikuwa Mungu yule yule. Ukweli si rushwa tunayompa Mungu ili atufungulie milango. Tunausema kwa sababu sisi ni wake.

Wala usijidharau. Mtakatifu Yohane Maria Vianney alishindwa vibaya na Kilatini seminarini, hata akaondolewa. Alipadrishwa mwaka 1815, na baadaye watu wakamiminika Ars kuungama kwake. Alikubali udogo wake, akafanya kazi. Nami jioni najisomea mitihani ya NBAA, maana kukiri uzembe bila kubadilika ni nusu ya toba.

Wiki hii, ndugu yangu, chukua CV yako uisome mstari kwa mstari mbele ya Sakramenti Takatifu. Mstari ambao huwezi kumsomea Yesu, ufute.

Bwana, nipe kazi. Lakini kwanza nipe moyo usioogopa namba zake. Amina.