Fimbo Iliyokosea Mgongo

Alhamisi moja, kwenye ushirika wa nyumbani hapa Ndabibi, ndugu mmoja alisimama akasema Mungu ndiye aliyemwangusha Karuturi. Watu wakaitikia amina. Mimi mzee wa kanisa amina ilinikwama kooni.

Sai Ramakrishna Karuturi alitokea Bangalore, India. Mwaka 2007 kampuni yake ilinunua shamba la Sher, kando ya Ziwa Naivasha, akawa anatajwa kuwa mkulima wa waridi mkubwa kuliko wote duniani. Hakutosheka. Akakodi hekta 100,000 kule Gambella, Ethiopia. Wahubiri hukipenda sana kipande hicho cha kisa chake.

Lakini aliyeanza kumtikisa ni karani na ankara zake. Waridi lilikatwa huku kwetu, likapanda ndege kwenda Uholanzi, ila kwenye karatasi, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) ilivyodai, liliuzwa kwanza kwa kampuni ndugu ya Dubai, tena kwa bei ya chini. Faida ikabaki huko. Ua lenyewe Dubai halikuijua! Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba KRA imeidai kampuni hiyo kodi ya mamilioni ya dola, kampuni ikapinga. Mwaka 2014 benki iliyoikopesha ikaleta mrasimu wa kusimamia mali yake. Ethiopia nayo ikafuta mkataba wake.

Baada ya amina zile, nyanya mmoja aliyekuwa karibu na mlango akauliza, "Sasa wanangu, kama fimbo ilikuwa ya Mungu, mbona ilimpita tajiri ikampiga msichana wa pakihausi?"

Hakuna aliyemjibu. Wasichana wale nawajua: gambuti tangu alfajiri, vidole vimechomwa miiba hadi vikazoea. Ankara hawakuandika wao, ila shamba lilipoanguka walioumia ni wao. Kisa cha Akani katika kitabu cha Yoshua, aliyeiba peke yake akafa pamoja na wanawe, nilikuwa nakisoma mbio mbio nifike kwenye ushindi wa mji wa Ai. Siku hizi nakisoma polepole, na hakinipi usingizi.

Siamini Mungu alikosea mgongo. Shamba likifilisika, kwa kawaida benki yenye dhamana hutangulia kulipwa, kibarua hufuata kikibaki kitu. Foleni hiyo haikupangwa mbinguni. Ilipangwa bungeni, na watu tuliowapigia kura.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kutuhubiria tena hukumu ya Mungu, shuka kwanza ziwani ukawaulize waliokuwa wakichuma.