Tawakali na Sababu Zake

Liko swali kongwe katika dini ambalo wanazuoni wamelijadili karne nyingi, na ambalo fundi aliyelala chali chini ya gari hulikuta pasipo kulitafuta: je, mtu anayebadilisha kitu ambacho hakijavunjika, kwa kuchelea kwamba kitavunjika, amepungukiwa na tawakali kwa Mola wake, au ndiyo kwanza ameitimiza?

Tulitazame swali hili katika Corvette Sting Ray, gari la spoti lililoanza kutoka kiwandani St. Louis, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, kwa matoleo ya mwaka 1963, na ambalo hata leo lina wapenzi wanaolitunza kwa gharama na mahaba. Mhandisi Zora Arkus-Duntov na wenzake waliyapa magurudumu yake ya nyuma uhuru wa kupanda na kushuka kila moja kivyake, wakaubebesha uzito wa nyuma springi moja tu ya mabamba 9, iliyolazwa kukingama kutoka upande hadi upande. Katikati springi hiyo imekazwa chini ya difu, na kila ncha yake inashikwa na bolti moja ndefu iliyosimama wima, inayoiunga ncha hiyo na mkono unaobeba gurudumu, ikiwa na raba za kupoza mshindo juu na chini, na nati iliyotiwa pini ili isilegee. Bolti mbili tu, basi, ndizo zilizopewa amana ya sehemu yote ya nyuma, wala hazionekani ila kwa aliyeinama. Maji, pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani katika majimbo ya baridi ili kuyeyusha barafu, hupenya baina ya raba na chuma, na kutu hula mahali ambapo jicho halifiki, hata bolti iliyo nene kichwani ikawa nyembamba kiunoni. Siku ikikatika, ncha ya springi huachia, na upande ule wa gari hushuka kwa ghafula.

Mwenye gari akielezwa haya, aghalabu hujibu kwamba bolti hizo zimedumu miaka 60, kwamba ajali ni kadari, na kwamba lililoandikwa halifutiki. Maneno hayo yana sura ya imani, na kwa ajili hiyo yanastahili kujibiwa kwa imani.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilipambanua jambo hili katika kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din, ambamo alizigawa sababu katika daraja tatu. Ya kwanza ni sababu za yakini, kama mkono kukipeleka chakula kinywani, na anayeziacha hizo akingoja ashibishwe bila kula hana tawakali, bali ana upungufu wa akili. Ya pili ni sababu za dhana yenye nguvu, kama msafiri wa jangwani kuchukua masurufu, na kuzishika hizo hakumtoi mtu katika tawakali maadamu moyo wake unamtegemea Mungu na si mfuko wa chakula. Ya tatu ni sababu za wahamu, zisizo na msingi wa kutegemewa, na hizo ndizo tawakali inazotaka ziachwe.

Bolti iliyoliwa na kutu imo katika daraja gani? Kwa hakika haimo katika ya tatu, kwani chuma kikipungua hupungukiwa na nguvu, na hiyo ni kawaida ambayo Mwenyezi Mungu ameipitisha katika viumbe vyake bila kumpendelea tajiri wala fukara. Anayetundika hirizi kwenye kioo cha gari, na chini yake bolti inaoza, ameishika sababu ya wahamu na kuitupa ya yakini, na huko ni kuipindua tawakali juu chini. Tena kudumu miaka 60 si hoja, maana kila kilichovunjika kilidumu hadi siku moja kabla ya kuvunjika.

Liko jambo jingine lililo zito zaidi. Al-Ghazali huyo huyo alisema kwamba mtu mwenye jamaa wanaomtegemea hana haki ya kuwatwisha njaa yao kwa jina la tawakali yake, hata kama nafsi yake mwenyewe inaweza kuistahimili. Nami naona hukumu hiyo inalienea gari sawasawa, kwa kuwa ndani yake mna mke, mtoto au rafiki, na mbele yake barabarani kuna mpita njia asiyejua hata jina la mwenye gari, wala hakushauriwa katika hatari aliyowekewa. Mtu hawezi kutawakali kwa roho ya mwenziwe.

Fundi mwenye insafu, kwa hiyo, huinua gari na kuipumzisha chesisi yake juu ya stendi imara, asiitegemee jeki peke yake. Hufunga kibano kwenye springi ili jeki ya pili isiteleze chini ya ncha yake. Huipandisha jeki hiyo hata uzito uondoke kwenye bolti, ndipo akachomoa pini na kufungua nati, kisha huishusha polepole, maana springi iliyokunjika ina nguvu ya kuua. Hutia bolti na raba mpya pande zote mbili, hata kama ni moja tu iliyoharibika, kwa sababu zimepitiwa na miaka ile ile na maji yale yale. Hukaza nati, hupitisha pini mpya, akazipinda ncha zake.

Hapo sababu zimekwisha, na hapo ndipo tawakali huanza. Yamkini ndani ya chuma kipya mna ufa ambao hakuna jicho la fundi linaloweza kuufikia, na barabarani mna yasiyo katika milki ya mtu. Hayo hukabidhiwa Mwenyewe. Anayerudi kuifungua nati ile kila usiku kwa wasiwasi naye amekosea, kwani anatafuta dhamana ambayo kiumbe hakupewa. Lakini hilo ni kosa la wachache. La wengi ni uvivu uliovikwa kanzu ya imani, nao ndio ninaowasihi wasomaji wangu wauepuke: kila mwenye chombo kinachobeba watu akikague kwanza, kisha aombe salama, kwani kuomba salama na huku unajua kutu ilipo ni kukosa adabu mbele ya Unayemwomba.